Juu ya Kufundisha Kusoma kwa Silabi

Walimu wa madarasa ya kwanza wakutanapo, kuna jambo moja wasilopatana. Je, mtoto afundishwe kusoma kwa silabi, ba be bi bo bu, au aonyeshwe neno zima pamoja na picha yake? Wa neno zima husema ya kuwa silabi hazina maana, na mtoto huziimba kama kasuku. Wa silabi hujibu kwamba ndivyo walivyofundishwa wazee wetu, nao wakasoma. Twaziona hoja zote mbili kuwa dhaifu, kwa kuwa hakuna upande ulioiuliza kwanza lugha yenyewe.

Njia ya neno zima ilisitawi katika nchi zisemazo Kiingereza, na sababu yake yaeleweka. Katika lugha ile herufi moja ina sauti nyingi, na sauti moja huandikwa kwa namna nyingi. Hata hivyo huko kwao haikukubaliwa na wote: mwaka 1955 Rudolf Flesch alitoa kitabu katika Marekani cha kuipinga. Kiswahili si hivyo. Irabu ni tano tu, kila moja ina sauti yake, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Ajuaye ka, ma na ta aweza kusoma kata, taka, kama, mama na kamata, asifundishwe hata moja la maneno hayo. Kumpa neno moja moja ni kumnywesha maji kwa kijiko, naye yu kando ya mto.

Lakini tukiisha kuisifu silabi, yatupasa kutaja makosa ya jinsi itumiwavyo. La kwanza ni kuitikia pamoja. Mwalimu hugusa ubao kwa fimbo, na watoto 60 hupaza sauti. Nani asoma, na nani afuata sauti ya jirani yake? Mfuatano ule huzoewa na kinywa upesi, na macho hukaa bila kazi. Mwalimu na aanzie bu, arukie ba, kisha bo, tena amwite mtoto mmoja peke yake. Hapo wengi waliosifiwa watanyamaza.

Kosa la pili ni kukomea kwenye silabi nyepesi. Lugha yetu ina mafundo yake. M ya mtu ni silabi kwa peke yake, bali m ya mbuzi imeshikamana na b. Zaidi ya hayo, katika matamshi ya wenyeji, “mtu mbaya” husemwa m-baya, na “nyumba mbaya” husemwa mba-ya, ingawa maandishi ni mamoja. Vivyo hivyo ngoma na ng’ombe, alama moja ndogo yatenga sauti mbili. Mafundo haya hayafunguliwi na chati ya ukutani, ila kwa sentensi yenye maana, na hapa wenye kutetea neno zima wana haki yao.

Hasara ya makosa haya humwangukia mtoto. Aimbaye vizuri hupandishwa darasa. Akipewa kitabu asichokizoea hushindwa, naye huitwa mzito wa akili, kumbe hakusikilizwa. Mwaka 2015 Tanzania ilianza mtaala mpya wa darasa la I na la II, uliokaza kusoma, kuandika na kuhesabu. Jambo hilo lilikuwa jema. Lakini mtaala hugawa saa tu, na kazi ya kusikiliza hubaki kwa mwalimu.

Basi shauri letu ni hili. Silabi ziwe msingi, na kila silabi mpya itiwe katika neno siku ile ile, na neno katika sentensi. Kila siku mwalimu aandike maneno matano yasiyo kitabuni, wasome watoto 12, kila mmoja peke yake, wenzao wakiandika. Kwa siku tano za juma atakuwa amewasikia wote 60, na atajua ni nani wa kurudishwa nyuma kidogo kabla hajaachwa mbali.