Kishikio Huezekwa Kuanzia Chini

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye mteremko wa kushukia mpaka wa Rusizi II, kati ya Rwanda na Kongo, nikimsubiri mtu kutoka Bukavu, nikaona wanyonzi, vijana wa baiskeli za kubeba abiria, wameizunguka baiskeli moja kama watu waliokuja kutazama mtoto mchanga. Phoenix nyeusi, keria imeongezwa vyuma, kiti kimeshonewa sponji, na kwenye usukani vishikio vya bluu vinavyong'aa, nyuzi za plastiki zikining'inia kila upande. Mmoja akakibonyeza kimoja kwa kidole gumba. "Laini kama mkate!" Wenzake wakaitikia. Mwenye baiskeli akanigeukia: "Muzee, hii ni ya kisasa."

Nikaomba ruhusa, nikalowesha kiganja kwa maji ya chupa yangu, nikashika, nikanyonga. Kishikio kikazunguka kama kifuniko cha chupa. Mmoja akasema kitakaza kikishazoea. Hakitakaza. Kishikio kinacholegea siku ya kwanza kitalegea zaidi mvua ikinyesha, na huku kwetu mvua haimsubiri mtu afike nyumbani.

Kidole gumba ndicho kinachowaponza. Mtu anaingia dukani, anabonyeza, kinabonyea, analipa. Lakini hakuna anayeendesha baiskeli kwa kubonyeza. Mto Rusizi wenyewe, kutoka Kivu hadi Tanganyika, unaporomoka karibu mita 700, na barabara zetu zimejifunza kwake. Anayeshuka kutoka Kamembe kwenda Bugarama na mzigo kwenye keria hakai kitini, hata kama anadhani amekaa. Amekaa juu ya viganja vyake. Sponji inayopendeza dukani hulala chini kabla hujafika kona ya tatu, na kuanzia hapo unashika chuma. Ndipo kidole cha mwisho na cha jirani yake vinapoanza kufa ganzi, kwa sababu mshipa wa fahamu wa vidole hivyo umepita kwenye kitako cha kiganja, palepale unapoegemea. Kishikio kizuri kiwe kigumu kama kisigino cha kandambili iliyovaliwa mwaka mmoja. Asiyeijua kandambili ya namna hiyo, sina mfano mwingine wa kumpa.

Rangi iwe nyeusi. Rangi nyingine ni mapambo.

Unene wa usukani hausumbui sana: Phoenix na baiskeli za mlimani karibu zote, pale mkono unaposhika, ni milimita 22.2. Urefu ndio wenye wizi. Kuna vishikio vifupi, kama milimita 90, vilivyotengenezwa kwa baiskeli zenye gia za kuzungusha kwa mkono. Vikipelekwa mahali pasipo na gia hizo, muuzaji huvisukuma hadi mwisho, sehemu tupu ya chuma inabaki upande wa ndani, na mteja anaambiwa ndiyo mtindo. Niliwahi kuuziwa mimi mwenyewe, tena nikiwa mtu mzima, na muuzaji akanitakia safari njema. Pima kwa kiganja: ukishika, kibaki kipande cha upana wa kidole kimoja.

Lakini hivi vyote ni vya dukani, na cha dukani hata kikiwa bora ni cha mkono wa mtu mwingine. Kishikio chenyewe ni kile cha mpira wa ndani uliochoka, uliokatwa ukanda na kuzungushiwa usukani. Vijana wanakidharau kwa sababu wamekiona kikifanywa ovyo. Kufanywa ovyo kwake kuna alama moja ambayo hakuna asiye fundi anayeitazama: kingo za mpira zimeelekea wapi?

Pitisha kucha juu ya kishikio kutoka upande wa breki kwenda mwisho wa usukani. Ikiteleza bila kukwama, mshikilie fundi huyo. Ikigonga kila hatua, kigrr, kigrr, kigrr, ondoka. Tofauti yake ni mahali alipoanzia. Ukianzia mwisho wa usukani ukaja ndani, kila mzunguko unaulalia ule wa nje yake. Ukianzia ndani ukaenda nje, ni kinyume. Mkono unaposhuka mlima husukumwa kwenda nje, muda wote, na jasho linausaidia. Basi kingo zikiutazama mkono unakokuja, huzikunja moja moja, na baada ya mwezi mpira umejiviringa kama sigara.

Mzee aliyenifundisha hili alikuwa na kibanda Kamembe enzi hapa palipokuwa bado panaitwa Cyangugu. Nilikuwa nimefunga changu kwa kuanzia ndani, ninakionea fahari. Hakusema neno. Alinishika bega akanigeuza nitazame paa la nyumba ya jirani, la vigae. "Baba, yule aliyeezeka pale alianzia juu?" Nikasema hapana, huanzwa chini, ukingoni, cha juu kikilalia cha chini. "Na maji yanakwenda wapi?" Nikafungua kazi yangu yote nikaanza upya. Siku hizo mtu alikufundisha kwa kukuaibisha taratibu, na hukusahau.

Mpira wenyewe alikuwa hachukui wowote tu. Alikataa wenye viraka, alikataa wa lori kwa unene wake, aliosha unga wote wa ndani kwa sabuni, akaanika kivulini, akakata ukanda wa upana wa kidole gumba. Alipouzungusha aliuvuta hadi weusi wake ukafifia kidogo, akalaza nusu juu ya nusu. Mwisho wa ukanda aliupenyeza chini ya mizunguko miwili ya mwisho, akavuta, akakata. Hakuna fundo. Fundo chini ya kidole gumba, kwa safari ya kwenda Bugarama na kurudi, ni msumari. Wapo wanaotandika kitambaa cha jinzi chini. Kitambaa hunywa jasho na hunuka, na mimi sipandi baiskeli inayonuka.

Walaghai wanazijua dalili hizi nusu. Kuna mmoja, simtaji, anayepaka mpira mkuukuu rangi ya viatu ung'ae. Mteja anaondoka na vishikio kama viatu vya harusi. Mvua ya kwanza inampa viganja vyeusi na usukani unaoteleza kama kambale. Mwingine husafisha kwa petroli, na petroli huuvimbisha mpira, ukanda ukalegea kabla ya jioni. Nusa kabla ya kulipa.

Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, vijana hawahawa walirudi na habari za magurudumu, kofia na miwani. Nikawauliza: ule utepe wa usukani, ulianzia wapi? Hakuna aliyetazama. Utepe wa usukani uliopinda, fundi anayejua kazi huanzia mwishoni kabisa, chini, akapanda nao. Paa lilelile la vigae, kwa baiskeli ambayo bei yake ingenunua kibanda cha mzee wangu na kiwanja chake.

Bado kuna la mikono miwili. Kiganja kikiuegemea usukani kwenye mteremko hunyonga kwenda mbele, kwa hiyo ukanda nao upite juu ya usukani kwenda mbele, kulia na kushoto, ili kila unapoegemea ujikaze. Maana yake kazi ya kushoto ni ya kulia iliyotazamwa kwenye kioo. Fundi mvivu humaliza kulia, anahamia upande wa pili wa baiskeli, mkono wake unaendelea na mzunguko uleule uliouzoea, na upande mmoja utafunguka wenyewe barabarani. Kaa kwenye benchi lake, kunywa chai, lakini usiuondolee macho mkono huo. Akikosea, mlipe upande mmoja uondoke na baiskeli yako.