Makarenko na Vijana Wahalifu

Makada wengi wakijadili vijana wahalifu hudhani njia ni mbili tu: huruma au fimbo. Kitabu cha Anton Makarenko, kilichotoka katika Umoja wa Kisovieti kati ya 1933 na 1935, chavunja fikra hiyo.

Mwaka 1920, karibu na Poltava, Ukraine, Makarenko alikabidhiwa makao ya vijana wezi na wazururaji. Haukupita muda akampiga mmoja wao, Zadorov, aliyekataa kwenda kukata kuni. Anakiri kosa hilo waziwazi, ndiyo maana twamwamini. Lakini wapenda viboko (nao hawapungui katika vikao vyetu) wakifunga kitabu hapo watakuwa wamesoma nusu. Baadaye anamtuma Karabanov, kijana aliyetolewa gerezani, akalete ruble 500 peke yake, tena akiwa na bastola. Karabanov alileta zote. Alipewa dhamana, na wenzake wakamdai nidhamu.

Kasoro ya kitabu ni kuyafanya makao kama kisiwa, ambacho wapinzani wake wakubwa ni warasimu wa elimu. Kumbe tarehe 7 Aprili 1935 dola yenyewe iliamuru kwamba mtoto wa miaka 12 aliyeiba ashtakiwe na kustahili adhabu zote za jinai. Makao mazuri hayakuizuia amri hiyo.

Kwetu, Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza kumhukumu mtoto kifungo gerezani. Haikusema ni tawi gani litakalompokea akirudi, wala nani atamkabidhi funguo za ghala.