Shujaa wa Kike katika Riwaya za Njozi: Kipimo cha Uteuzi kwa Wasomaji wa Kwale

Neno manga si geni kwa wenyeji wa pwani ya kusini ya Kenya. Tangu zamani limetaja Uarabuni, na limesalia katika majina ya vitu vilivyovuka bahari: pilipili manga, kungumanga, komamanga. Baadaye neno jingine la sauti hiyo hiyo limewasili kutoka Japani, nalo lina maana ya hadithi za picha. Pamoja na hadithi hizo zimekuja riwaya za njozi zenye mashujaa wa kike, na mwalimu wa fasihi wa Diani au Msambweni anayetaka kuwapendekezea wanafunzi wake vitabu vya aina hiyo hukabiliwa na wingi usio na mwongozo. Shabaha ya makala haya ni kupendekeza kipimo cha uteuzi, kukijaribu kwa vitabu vitatu, na kuonyesha kazi inayobaki kwa wataalamu wa lugha.

Kipimo kinachotumiwa mara nyingi ni silaha. Shujaa wa kike husifiwa kwa kuwa anapigana kama mwanamume. Kipimo hiki kina kasoro ya msingi: kinachukua ushujaa wa kiume kuwa ndio ushujaa wote, kisha kinamruhusu mwanamke auazime. Mhusika aliyeundwa hivyo akibadilishwa jina na mavazi, hadithi yake haipungukiwi na kitu. Mapokeo ya pwani yanaelekeza kwingine. Katika ngano ya msichana aliyetiwa ngomani na zimwi, kinachomwokoa si nguvu za mkono bali sauti yake: zimwi hupiga ngoma ili lipewe chakula, msichana huimba ndani yake, na jamaa zake humtambua. Katika historia, Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama mwaka 1913 dhidi ya utawala wa Waingereza kwa maneno, kwa kiapo na kwa ngoma ya kifudu. Yeye alikuwa wa kaskazini ya Mombasa, lakini Wadigo na Waduruma wa Kwale ni ndugu wa Wagiriama katika Mijikenda, na kumbukumbu hiyo ni yao pia. Basi kipimo kifaacho ni hiki: shujaa anaamua nini, uamuzi huo unamgharimu nini, na je, ungeweza kuamuliwa na mtu asiyekuwa mahali pake?

Riwaya ya Kiswahili haikosi njozi. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, Walenisi ya Katama Mkangi (1995) na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) zote zinavuka mipaka ya uhalisi. Lakini msafiri mkuu katika safari hizo ni mwanamume. Mwanamke mwenye uamuzi hupatikana zaidi katika riwaya ya uhalisi, kama Mangwasha katika Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Kwa maneno mengine, mwanamke amepewa matatizo ya jamii ayatatue, na mwanamume amepewa ulimwengu mpya auwaze. Mgawanyo huo si wa haki, wala hauna faida kwa fasihi.

Pengo hilo limeanza kuzibwa, ila kwa lugha nyingine. The House of Rust, yaani Nyumba ya Kutu, ya Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, ilichapishwa Marekani mwaka 2021 baada ya kupata tuzo ya kwanza ya Afrika ya shirika la Graywolf mwaka 2018. Mwaka 2022 ikawa kitabu cha kwanza kupewa Tuzo ya Ursula K. Le Guin. Aisha, msichana wa Kihadhrami, anampoteza baba yake mvuvi baharini. Anatoka kumtafuta kwa chombo cha mifupa, akiongozwa na paka aitwaye Hamza, na kukabiliana na majitu ya bahari, la mwisho likiwa Baba wa Papa. Hana jeshi wala upanga wa kurithi. Alicho nacho ni ulimi, akili na ukaidi.

Ubora wa riwaya hii haumo katika safari hiyo peke yake. Baba anapatikana kabla hadithi haijafika mbali, na mtunzi wa kawaida angemaliza hapo. Bajaber anamrudisha Aisha nyumbani, kwa bibi anayetaka aolewe, na kumwuliza msomaji: aliyeishinda bahari atakaaje barazani? Hapo ndipo gharama inapoonekana, kwani bibi si adui. Ni mtu anayempenda kwa njia inayombana. Msomaji wa Kidigo, ambaye wazee wake walihesabu ukoo na urithi kwa upande wa mama, na ambaye utaratibu huo ulishindana kwa muda mrefu na sheria ya Kiislamu ya mirathi, ana jicho lake mwenyewe la kuitazama mamlaka ya bibi huyo. Dosari ipo: mazungumzo ya kunguru katika sehemu ya pili yamerefushwa, na msomaji mchanga atahitaji mwalimu wa kumshika mkono.

Kutoka Japani vinafaa vitabu viwili. Cha kwanza ni riwaya ya Nahoko Uehashi, Moribito (1996). Balsa ana mkuki na anaujua, lakini ushujaa wake ni nadhiri ya kuokoa roho nane kwa ajili ya wanane waliokufa kwa sababu yake, nao unajaribiwa anapomlinda mwana wa mfalme aliyebeba yai la pepo wa maji. Uehashi ni mwanaanthropolojia, na elimu hiyo inaonekana katika jinsi anavyoheshimu imani za wenyeji. Cha pili ni manga ya Hayao Miyazaki, Nausicaä, iliyotolewa kati ya 1982 na 1994. Nausicaä anaishi karibu na msitu wa sumu unaoogopwa na wote; yeye anachunguza na kugundua kwamba msitu huo ndio unaoisafisha ardhi. Wasomaji wanaoijua Kaya Kinondo, ambayo mgeni huiingia amevaa kaniki na kutoka bila kuchukua kitu, na ambayo imo katika Urithi wa Dunia tangu 2008, hawatahitaji kuelezwa kwa nini msitu unaweza kuwa na mwiko na maarifa kwa pamoja.

Huenda ikasemwa kwamba njozi ni utoro, na kwamba msichana wa Kwale anahitaji fasihi inayosema juu ya karo, ndoa za mapema na ardhi. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba huko Gazi na Shimoni chombo kisichorudi ni jambo la kweli. Njozi ya Bajaber inaipa hofu hiyo sura na jina, kisha inamweka msichana mbele yake. Aliyezoea kusoma habari za wasichana wanaoonewa tu hujifunza namna moja tu ya kujiona.

Linalobaki ni lugha. Tafsiri ya njozi yenye msichana katikati si jambo jipya: Elisi Katika Nchi ya Ajabu ilitoka mwaka 1940, na Ida Hadjivayanis akaitafsiri upya hadithi hiyo mwaka 2015. Riwaya ya Bajaber inastahili kazi hiyo kwanza, kwa kuwa Kiswahili kimo tayari chini ya Kiingereza chake. Baba wa Papa hahitaji maelezo upande huu wa kivuko cha Likoni. Mfasiri asitosheke na kamusi. H. E. Lambert alizichunguza lahaja za Kivumba na Kichifundi katika miaka ya 1950, na msamiati wa jarife, dema, kusi na kaskazi ungali vinywani mwa wavuvi wa Vanga na Wasini. Ukikusanywa na kutiwa katika tafsiri hiyo, msomaji wa Msambweni atampata shujaa anayesema kwa maneno ya bahari anayoijua.