Bunduki, Uungwana na Mali ya Umma: Uhakiki wa Kitabu cha Hemingway

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza, pasipo kibali cha maandishi cha Mkurugenzi, kuwinda mnyama ye yote kwa bunduki inayojijaza yenyewe zaidi ya mara moja bila mkono wa mwindaji. Bunduki hiyo, ambayo wengi huiita ya nusu-otomatiki, hutumia nguvu ya risasi inayotoka kutupa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Mpigaji hana kazi ila kufyatua, kisha kufyatua tena.

Katazo hili ni sahihi. Lakini katika madarasa ya siasa, ukiuliza sababu yake, hupata majibu mawili. La kwanza husema kwamba bunduki hiyo si ya kiungwana, kwa kuwa mwindaji halisi hupiga risasi moja, humpa mnyama nafasi, na hupima ushujaa wake mwenyewe. La pili husema kwamba mnyama ni mali ya umma, na umma lazima uweze kuhesabu mali yake. Majibu haya hayalingani, na mwenye kuyachanganya hatajua adui wa wanyamapori ni nani. Makala haya yanahakiki kitabu kimoja mashuhuri kinachobeba jibu la kwanza, ili tuone limetoka wapi na linamtumikia nani.

1. Kitabu na mazingira yake

Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, aliwinda katika Kenya na Tanganyika tangu Desemba 1933 hadi Februari 1934. Mwaka 1935 alitoa kitabu Green Hills of Africa. Kiini chake ni safari ya kumtafuta tandala mkubwa, na mashindano kati ya mwandishi na rafiki yake anayeitwa Karl kuhusu nani atapata pembe ndefu zaidi. Hadi mwisho Karl anapata kubwa zaidi, na wivu huo ndio unaosukuma hadithi mbele.

Tuseme kwanza yale ambayo kitabu kimeyafanya vizuri. Hemingway anajua kuandika nchi. Joto, vumbi, nyasi, uchovu wa miguu na subira ya kukaa kwenye kificho karibu na mahali wanyama wanapolamba chumvi, yote hayo msomaji wa Tanzania atayatambua. Tena mwandishi hajifichi. Anaeleza jinsi alivyomjeruhi palahala dume, akamfuata siku nzima, akamkosa. Na anakiri uzito wa kumwacha mnyama akafe kwa maumivu porini. Mhakiki asiyetaja mema haya atakuwa anapiga kelele tu, hahakiki.

Lakini tuangalie kazi ilivyogawanywa. Wafuata nyayo ni Waafrika. Mbeba bunduki, M'Cola, ni Mwafrika, na mara nyingi ndiye mwenye macho makali kuliko wote. Wanaochuna ngozi, wanaobeba mizigo, wanaopika na wanaoendesha gari ni Waafrika. Mgeni anafanya tendo moja, naye ni kufyatua. Kwa tendo hilo moja mnyama anakuwa “wake”, na pembe zinapimwa kwa jina lake. Huu ndio uhusiano tunaoujua katika kila uzalishaji wa kikoloni: kazi ni ya wengi, miliki ni ya mmoja. Hata majina hayakusalimika. Mwongozaji mmoja anaitwa “Garrick”, kwa jina la mwigizaji wa kale wa Uingereza, kwa sababu mwandishi anamwona ana mbwembwe. Mtu anayelijua pori lote hana jina lake mwenyewe katika kitabu.

2. Uungwana wa nani?

Wapenzi wa kitabu hiki husema kwamba kinafundisha maadili ya uwindaji: ua safi, usijeruhi, usipige ovyo. Maadili hayo tunayakubali. Swali letu ni kama tabia ya mtu mmoja inaweza kuchukua nafasi ya sheria ya umma.

Hemingway mwenyewe anatupa jibu katika hadithi aliyoitoa mwaka 1936 juu ya Mmarekani tajiri, Francis Macomber, na mwindaji wa kulipwa aitwaye Wilson. Humo nyati wanakimbizwa kwa gari. Jambo hilo lilikuwa kinyume cha sheria, na Wilson anakiri kwamba likijulikana atapoteza leseni yake. Ni Wilson huyo huyo anayewachapa watumishi viboko badala ya kuwatoza faini, kinyume cha sheria pia. Hata hivyo hadithi inataka tumwone kama mtu mwenye kanuni. Ana kanuni kweli, ila ni kanuni za wenzake. Mbele ya mnyama ana heshima, mbele ya mteja ana soni, na mbele ya mtumishi na sheria ana kiboko na siri.

Hapo jibu la kwanza linaanguka. Uungwana ni mapatano ya wenye bunduki wao kwa wao. Wakikubaliana kuuvunja hakuna wa kuwauliza, kwa sababu shahidi pekee ni mbeba bunduki, na mbeba bunduki hana sauti.

Historia inathibitisha hivyo. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, akaweka leseni na mapori ya akiba. Tangu hapo, mwenye fedha za leseni aliitwa mwindaji, na mwanakijiji aliyekuwa akiwinda kabla ya leseni kubuniwa akaitwa jangili. Pori la Akiba la Selous, lililoanzishwa mwaka 1922, lilipewa jina la Frederick Selous, aliyepata sifa kwa kuua tembo na wanyama wengine wengi, akafa vitani Beho Beho mwaka 1917. Ilikuwa mwaka 2019 ndipo sehemu kubwa ya pori hilo ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa karibu miaka 100 ramani yetu ilimtukuza mwenye bunduki, na wala haikuwa na jina la mfuata nyayo hata mmoja.

3. Chombo chenyewe

Tuache sifa za mwindaji tuitazame bunduki. Bunduki ya Hemingway ilikuwa ya kuvuta komeo kwa mkono baada ya kila risasi. Kitendo hicho kidogo kinachukua nafasi kati ya risasi na risasi. Katika nafasi hiyo kundi hutawanyika, mwindaji hutazama amempiga nani, na mnyama wa pili hupata kukimbia. Bunduki inayojijaza huifuta nafasi hiyo. Kundi linaweza kuangushwa kabla halijajua hatari imetoka upande gani.

Kuna jambo la pili ambalo wasiojua silaha hulisahau. Silaha nyingi za namna hii zilizosambaa Afrika zilitengenezwa kwa ajili ya vita, yaani kumpiga mtu. Risasi ya SKS, au ya AK ya milimita 7.62, ina uzito wa gramu 8 hivi. Risasi ya kawaida ya bunduki ya .375, inayotumika kwa wanyama wakubwa tangu 1912, ni gramu 19 hivi. Mwenye silaha ya vita hufidia udogo wa risasi kwa wingi wake: hupiga tumboni, miguuni, po pote. Tembo haanguki papo hapo. Huondoka na majeraha, na pengine hufia mbali ambako hakuna atakayemhesabu. Kwa hiyo wingi wa risasi hauleti mauti safi. Huleta mateso, na huharibu hesabu.

Wala si Afrika peke yake iliyoliona hili. Mkataba wa Bern wa 1979 unaohusu wanyama wa Ulaya unakataza silaha za nusu-otomatiki zenye magazini ya zaidi ya risasi mbili. Marekani kwenyewe, jimbo la Pennsylvania liliporuhusu bunduki hizo mwaka 2017 kwa wanyama wadogo, liliendelea kuzikataa kwa wanyama wakubwa. Basi asije mtu akasema kwamba katazo letu ni woga wa nchi maskini.

4. Jibu la umma

Sheria yetu inatamka kwamba wanyamapori ni mali ya umma, iliyo mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Hapo ndipo jibu la pili linaposimama. Mali ya umma huvunwa kwa hesabu: leseni, mgawo, askari anayeshuhudia, nyara inayoandikishwa. Bunduki inayokimbia kuliko hesabu inakimbia kuliko umma. Hiyo ndiyo sababu ya kuikataza, na ingekuwa sababu tosha hata kama mpigaji angekuwa muungwana kupita wote.

Jibu hili pia linatuelekeza kwa adui halisi. Hesabu ya tembo wa Tanzania ilikuwa 109,051 mwaka 2009. Mwaka 2014 ilikuwa 43,330. Hakuna kijiji kilichokula tembo hao. Mwanakijiji mwenye gobore hawezi kumaliza zaidi ya tembo 60,000 katika miaka 5, wala hana meli ya kupeleka pembe Asia. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimhukumu mfanyabiashara mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuongoza biashara ya pembe za ndovu zipatazo 860, yaani tembo wasiopungua 430. Hakushtakiwa kwa kufyatua. Alishtakiwa kwa kuongoza genge na kufanya biashara ya nyara. Anayefyatua hulipwa kidogo na hufa au hufungwa upesi. Anayetoa silaha na kununua pembe huvaa suti. Operesheni Uhai ya 1989 ilionyesha kwamba nguvu ya dola inaweza kusafisha pori. Lakini wawindaji haramu walirudi baadaye, kwa sababu soko lilibaki na njia zake.

Tena jibu la umma lina deni. Hatuwezi kumwambia mkulima kwamba tembo ni mali yake, halafu tembo huyo akila shamba lake la mahindi usiku mmoja, tumpe kifuta jasho kinachochelewa na kisicholingana na hasara. Mali isiyomfaidi mwenye mali itakosa mlinzi. Jangili akifika kijijini na fedha taslimu, hotuba peke yake haitamshinda.

5. Hitimisho

Karibu na mwisho wa kitabu chake Hemingway anatafakari kwamba nchi huzeeka upesi wageni wanapofika. Hukata miti, huchosha udongo, huharibu maji, na wenyeji ndio waliokuwa wakiishi nayo kwa amani. Ni maneno ya kweli, na pengine ndiyo bora kabisa katika kitabu. Lakini anachojifunza kutokana nayo ni kutafuta nchi nyingine ambayo bado haijaharibiwa. Huo ndio mpaka wa uungwana. Unauona uharibifu, unasikitika, kisha unahama.

Sisi hatuna pa kuhamia. Kwa hiyo wakufunzi wakisome kitabu hiki na wanafunzi wao, wakisifu kalamu yake, kisha waulize maswali manne juu ya kila bunduki inayoingia porini, iwe ya mtalii au ya jangili: nani ameileta, nani anahesabu risasi zake, nani anachukua nyara, na kijiji kilichoko ukingoni kinapata nini. Pasipo majibu ya maswali hayo, katazo la bunduki inayojijaza litabaki maandishi tu.