Jina la Kanga, Jina la Mtu: Kumsoma Lubaina Himid kutoka Mchafukoge

Katika maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru, baina ya Mchafukoge na Kariakoo, mnunuzi haridhiki na rangi pekee. Huitandaza doti, akalisoma jina, kisha akapima: maneno haya nitamvalia nani? Tahakiki hii inapendekeza swali hilo la kipragmatiki liongoze usomaji wa kazi za Lubaina Himid.

Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miezi minne, naye akapelekwa Uingereza na mama yake, mbunifu wa vitambaa. Alisomea usanifu wa jukwaa la tamthilia katika Chuo cha Sanaa cha Wimbledon, akahitimu mwaka 1976. Shahada ya uzamili aliipata Royal College of Art mwaka 1984. Kabla ya kuhitimu huko, mwaka 1983, aliandaa maonyesho ya wasanii watano wanawake weusi katika Africa Centre, London. Mwaka 2017 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Tuzo ya Turner.

Ni rahisi kumdai kuwa msanii wa Uswahilini kwa hoja ya kuzaliwa. Hoja hiyo ni dhaifu. Ushahidi utafutwe katika kazi zenyewe.

Katika maonyesho yake ya Tate Modern (2021–2022), vitambaa vyenye pindo, mji na jina vilitundikwa kama bendera, majina yakiwa kwa Kiingereza. Umbo ni la kanga, lakini tendo uneni halijakamilika. Kanga ya Mchafukoge ina mvaaji na mlengwa. Aliyesutwa akilalamika, mvaaji hujibu kwamba alipenda maua tu. Kanga isiyo na mwili wa kuivaa humsemesha kila mtu, hivyo haimsuti yeyote. Hapa kazi inapwaya.

Hali ni tofauti katika *Naming the Money* (2004), yenye sanamu bapa 100 za mbao zenye kimo cha binadamu, zinazowakilisha Waafrika waliofanywa watumwa katika majumba ya matajiri wa Ulaya. Kila mmoja hutaja jina lake la asili na lile alilobandikwa na bwana wake, kazi aliyoifanya kwao na anayolazimishwa sasa. Mtazamaji hupita katikati yao kama aliyepanda jukwaani bila kualikwa. Elimu ya Wimbledon inaonekana hapa waziwazi: maneno yamepata miili, na mtazamaji amegeuzwa mlengwa asiye na pa kujificha.

Kwa hiyo tunadai kwamba Himid huikaribia zaidi mantiki ya kanga pale asipoichora kanga. Alichokirithi Zanzibar, au alichokifikia kwa njia yake mwenyewe ugenini, ni ujuzi kwamba jina halina nguvu mpaka lipate wa kulibeba na wa kuambiwa. Wahakiki wa Kiswahili, tuliozoea kuichambua kanga kama matini ya methali, tunapaswa kuanza na swali la mnunuzi wa Mchafukoge.