Namna ya Kuitambua Bunduki ya Utambi Iliyotunzwa Vyema

Abu fatila, bunduki ndefu ya utambi ya Oman, ilibebwa mabegani hadi ndani ya karne ya 20. Nyingi zimesalimika vitani na kwenye chumvi ya bahari, kisha zikaharibiwa na fundi aliyetaka zing'ae. Kazi njema huzuia uharibifu bila kufuta umri, na ushahidi wake huonekana.

Kwanza, usalama. Ingiza ufito wa mbao mtutuni hadi ugote, tia alama mdomoni, kisha ulaze ufito juu ya mtutu kwa nje. Usipofika kwenye tundu la kifa, yaani kisahani cha baruti ya kuwashia, huenda ndani mna shindilio. Baruti nyeusi ya zamani bado huwaka. Iweke bunduki chini, mwite mjuzi. Ulizia pia sheria ya silaha ya nchi yako.

Mtutu. Mitutu bora ilifuliwa kwa mikanda ya chuma iliyosokotwa na kuunganishwa motoni. Uelekeze kwenye mwanga wa ubavuni: mistari ya msokoto ionekane. Uking'aa kama kioo, msasa umepita. Kama una pembe, kingo zake ziwe kali, zilizoviringana zimesuguliwa. Kutu ya kahawia iliyokoza na kushikamana iachwe. Inayotoka kwenye kidole kama unga wa rangi ya chungwa ingali inakula chuma. Hiyo huondolewa kwa mafuta na subira, kisha mtutu hupakwa nta laini ya kuhifadhia.

Mbao. Pitisha kidole pale mbao inapokutana na chuma. Chuma kikisimama juu ya mbao kila mahali, shuku kwamba mbao imepigwa msasa, na alama za mikono ya wenyewe zimekwenda na vumbi. Ufa uliozibwa kwa gundi ya ngozi unaweza kufunguliwa tena kwa maji ya uvuguvugu. Gundi ngumu za kisasa hazirudi nyuma.

Mapambo ya fedha. Weusi uliotulia ndani ya nakshi ndio unaoiinua ionekane. Dawa ya kuchovya huufuta wote, na kila king'arisho huondoka na fedha kidogo. Nakshi butu haitengenezeki. Pete mpya ya fedha ya kufungia mtutu kwenye mbao si aibu, mradi sonara ameiwekea alama yake na hakuisugua ili ifanane na kuukuu.

Mtambo. Bila utambi wala baruti, vuta kifyatulio taratibu: mkono wa utambi ushuke katikati ya kifa. Ulegevu kidogo ni haki ya umri. Kipande kipya kilichochomelewa ni kosa kubwa, kwani hakitoki bila kukiumiza cha asili.

Mwisho, mtake fundi kumbukumbu: picha za kabla na baada, alichoondoa, alichoongeza, na mabaki aliyoyatoa yakiwa kwenye mfuko. Mwenye kazi safi atakupa kwa furaha. Asiye nayo, hata bunduki yake ikipendeza vipi, ipunguzie bei, wala usimkabidhi ya babu yako.