Mti na Watu Walio Chini Yake: Kazi Zisizotimia za Wanuri Kahiu

Uhakiki wetu umezoea kuanzia pale kazi ya sanaa inapokamilika. Mhakiki hupewa kitabu au filamu, akaipima fani na maudhui yake, kisha akatoa hukumu. Kazi iliyokusudiwa tu, isitimie, huachiwa wanahabari, nao huitangaza leo kwa mbwembwe na kesho wakaisahau. Katika makala hii tunadai kuwa kazi ambazo Wanuri Kahiu, mwelekezi mzaliwa wa Nairobi, alitangaza kuwa atazitengeneza, lakini ambazo hadhira haijaziona, zinajibu swali ambalo filamu zake zilizokamilika zimeliacha wazi. Ushahidi wetu si miswada ya kazi hizo, bali ni hadithi zenyewe alizozichagua.

Tuanze na Pumzi (2009), filamu fupi ya dakika 21 iliyoonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2010. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anaishi katika jamii ya Maitu, neno ambalo kwa Kikuyu ni mama. Vita vya kugombea maji vimekwisha, na nje hakuna kilicho hai. Watu hunywa maji yaliyosafishwa kutokana na jasho na mkojo wao wenyewe, na humeza vidonge vya kuzuia ndoto. Asha anapata udongo, anauotesha mbegu, ananyimwa ruhusa ya kutoka, anatoroka. Jangwani anaipanda mbegu, anaimwagia maji yake ya mwisho na kuikinga jua kwa mwili wake mpaka anapozimika. Mti unakua pale alipolala.

Mwisho huo umesifiwa mno, na haki yake. Hata hivyo, kivuli kile hakina mtu. Kamera inapaa, inauonyesha mti, lakini hatuoni atakayeketi chini yake. Kwa msomaji wa Nairobi jambo hili si dogo, kwa sababu katika mji huu mti haujapata kuwa pambo tu. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, na bustani ikasalimika. Alichokipigania kilikuwa mahali pa watu wa kawaida kupumzika. Kahiu alilijua hilo vyema: mwaka uleule wa Pumzi alitengeneza filamu ya kumbukumbu juu ya Maathai, For Our Land.

Ikaja Rafiki (2018). Asili yake ni hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, "Jambula Tree", iliyotuzwa Tuzo ya Caine mwaka 2007. Jambula ni mzambarau, na chini ya mzambarau huo, katika mtaa wa Nakawa mjini Kampala, wasichana wawili wanaopendana wanafumaniwa. Kahiu aliihamishia hadithi Nairobi, na katika kuihamisha akauondoa mti. Kena na Ziki wanakutana ndani ya gari bovu lililotelekezwa. Wahakiki waliozungumzia filamu hii, wengi wao wakiwa wameshughulishwa na marufuku ya Aprili 2018 na amri ya mahakama ya Septemba iliyoiruhusu kwa siku saba, hawakulijali badiliko hili. (Hatuwalaumu sana, foleni zilizojaa nje ya sinema ya Prestige, Barabara ya Ngong, zilikuwa habari kubwa kuliko gari bovu.) Lakini tukiziweka filamu mbili sambamba tunaona kuwa Pumzi ina mti usio na watu, nayo Rafiki ina watu wasio na mti. Wapenzi wa Rafiki wamebaki kujisitiri ndani ya takataka za mji.

Hapa ndipo kazi zisizotimia zinapotufaa. Mwaka 2019 ilitangazwa kuwa Kahiu, pamoja na mwandishi Nnedi Okorafor, angeigeuza riwaya ya Octavia Butler, Wild Seed (1980), kuwa mfululizo wa televisheni wa Amazon. Mhusika wake mkuu, Anyanwu, ni mganga wa Kiigbo mwenye uwezo wa kujigeuza umbo. Anayemwandama ni Doro, aghalabu mwenye kuzalisha watu kama mtu azalishavyo mifugo. Mbegu ya jina la riwaya ni mwanamke mwenyewe, na tofauti yake na Asha ni kwamba Anyanwu hakubali kufa ili wengine waote. Anaishi karne nzima na zaidi, akikusanya jamaa na kuwalinda. Mwaka 2020 ikatangazwa kuwa Kahiu angeielekezea Disney tamthilia ya muziki Once on This Island, iliyotokana na riwaya ya Rosa Guy. Ti Moune, msichana maskini, anampenda kijana wa kitajiri, anakataliwa, anakufa, na miungu wanamgeuza mti. Kufikia hapo ni Asha mtupu, tena kwa sababu dhaifu zaidi, kwani yeye amejitoa kwa ajili ya mwanamume asiyestahili. Ila mti wa Ti Moune unalipasua lango la matajiri lisifungike tena, na penye mti huo mtoto wa yule kijana anakutana na binti wa maskini.

Yumkini atatokea wa kutuambia kwamba hizi zilikuwa kazi za kuajiriwa tu, na kwamba Marekani ndiyo iliyochagua, si Kahiu. Hoja hiyo ina uzito. Kampuni kubwa hupenda hadithi yenye kitabu nyuma yake, na Mkenya anayetaka fedha za filamu ndefu hana milango mingi ya kubisha. Lakini mwelekezi huweza kukataa, na si rahisi kuamini kuwa mbegu na mti vimejirudia mara zote hizi kwa bahati nasibu.

Kwa maoni yetu, hasara kubwa si ya Amazon wala ya Disney. Kahiu alikusudia pia kuikuza Pumzi iwe filamu ndefu, na hiyo ndiyo tunayoisikitikia. Dakika 21 zilitosha kumwua Asha. Filamu ya saa mbili isingeweza kukwepa kutuonyesha yule mfanyakazi wa usafi aliyemsaidia Asha kutoroka, kama naye aliwahi kutoka nje, na alipofika kwenye kile kivuli alimkuta nani.